Kuoga si Kuogelea

Ndugu yangu Viateur ni mtu wa kanuni, na sisemi hivyo kumsifu. Kazi yake ni kujaza hati za mizigo kwenye mpaka mkubwa wa kwenda Goma, ule tunaouita Grande Barrière, na miaka aliyokaa kwenye meza ile imemfundisha kwamba jambo lisiloruhusiwa waziwazi limekatazwa. Lori linapita au halipiti. Hakuna lori linalopita kidogo. Ni mume mwema na baba mwema, hapigi mtu, hanywi akapitiliza, ila ukimpa amri ataifuata mpaka akuudhi wewe uliyempa. Kwa tabia hiyo, na kwa neno moja la Kiswahili, alimpoteza binti yake majini. Belise hakuzama. Yu hai, anakula, anakwenda shule, anasalimia wageni vizuri. Lakini furaha aliyokuwa nayo ndani ya maji imekwisha, na yeyote anayedhani hilo ni jambo dogo hakumwona mtoto yule alivyokuwa.

Mimi ni dada yake mkubwa. Tunakaa kiwanja kimoja, nyumba mbili zinazotazamana. Kuku wangu wanakula kwake na mtoto wake anakula kwangu. Sote wawili tulizaliwa Goma, wazazi wetu wakiwa wakimbizi, tukarudi Rwanda mimi nikiwa msichana mkubwa na yeye bado mvulana wa kaptula. Nyumbani tunasema Kinyarwanda kama kila mtu. Lakini tukifurahi sana au tukikasirika sana, ni kile Kiswahili cha Goma kinachotoka chenyewe.

Jumapili zake na Belise zilikuwa hivi. Wakitoka misani walibadilisha nguo, wakateremka hadi ufukweni, pale watu wote wanapoogea bure. Mke wake, Uwamariya, ambaye ni mwalimu na anaogopa maji yanayozidi ndoo, alibaki mchangani na mimi. Na mwanamume yule wa shati la kola, ambaye wiki nzima hakutoa tabasamu bila muhuri, akigusa maji ya Ziwa Kivu anageuka kichaa. Alimrusha mtoto juu. Alijifanya amekufa, akaelea uso chini mpaka Belise ampande mgongoni na kumvuta masikio. Alimfundisha kulala chali juu ya maji kwa kumwambia atafute wingu linalofanana na shangazi yake, na wingu walilochagua lilikuwa nene kila mara. Walicheka mpaka wachoma mahindi wakageuka kutazama. Mtoto alitoka na midomo ya kijivu, meno yanagongana, akala hindi moja, akarudi tena. Hakuna aliyemfundisha kuogelea. Alijifunza kwa kukimbizwa na kukimbiza.

Alikuwa na miaka tisa hivi kocha alipomwona. Jina lake Rutagengwa, Mnyarwanda aliyekulia Mwanza, akarudi kwao na Kiswahili kilichonyooka kama shati lililotoka kwa fundi. Alikuwa anafundisha watoto kwenye bwawa la hoteli moja kando ya ziwa, asubuhi kabla wageni hawajaamka. Siku hiyo alisimama ufukweni akimtazama Belise akimkwepa baba yake chini ya maji, kisha akaja kutusalimia. Mimi aliniamkia shikamoo. Mimi wa Goma nikamjibu bonjour, na tukacheka wote. Alisema mtoto huyu maji yanampenda, na kwamba akipata mazoezi ya kweli atafika mbali.

Yeye na Viateur walipatana siku ile ile. Kilichowapatanisha ni Kiswahili. Kinyarwanda cha Rutagengwa kilikuwa cha kukwaruza, na Viateur alikuwa na hamu ya kusema lugha ya utoto wake na mtu asiyekuwa dereva wa lori. Wakawa wanataniana. Kocha alimwiga akisema "mutoto iko muzuri", na Viateur alimwiga akisema "kwa hakika nimefurahishwa mno". Kila mmoja aliona cha mwenzake kinachekesha, na kila mmoja aliamini ameelewa kila kitu. Laiti wangesema Kinyarwanda. Kocha angelazimika kuhangaika, kueleza kwa mikono, kurudia, na ndugu yangu angeuliza. Watu wanaodhani wanaelewana hawaulizi.

Sasa nieleze jambo la neno, maana bila hilo huwezi kunifuata. Katika Kiswahili chetu cha Goma, kila unachofanya ndani ya maji ni kuoga. Ukijisugua na sabuni, unaoga. Ukicheza ziwani, unaoga. Ukishindana ukapewa medali, umeoga vizuri. Na Kinyarwanda nacho ni vivyo hivyo, koga ni koga. Lakini Rutagengwa alikuwa na maneno mawili, na aliyatenga kama mtu anavyotenga mafuta na maji. Kuoga kwake kulikuwa kujimwagia, kurukaruka, kupoteza muda kwa raha. Kuogelea kulikuwa kazi: mikono, pumzi, kwenda na kurudi. Watoto wakichelewa kutulia asubuhi aliwaambia, "Hapa hatuogi, hapa tunaogelea." Ukawa wimbo wao. Belise alituimbia mezani huku akikata maji ya hewani kwa mikono.

Mwanzo ulikuwa mzuri, na sitaki kumwonea Rutagengwa. Hakuwa mkatili. Belise aliamka mwenyewe, akarudi amelowa nywele, akala viazi kama mtu mzima, akaenda shule. Mwaka wa kwanza alipata medali Kigali na kuja kunivisha mimi. Ndipo kocha, akiona mtoto amepanda, akaongeza mazoezi hadi siku sita. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye akili, akamwita baba mtu kando ya bwawa na kumpa maagizo kuhusu siku ya saba. Sikuwepo, lakini wote wawili wamenisimulia, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno hayakutofautiana hata kidogo.

Kocha alisema Jumapili Belise asiogelee. Viateur akauliza, hata kidogo? Kocha akajibu hata kidogo, acheze tu na wenzake.

Ndugu yangu akarudi nyumbani akiwa ameibeba ile amri kifuani. Akatukusanya, akatangaza kwamba kuanzia sasa siku ya Mungu Belise haogi tena ziwani, kocha amekataza. Uwamariya alifurahi kimoyomoyo. Mimi nilimwambia amri gani hiyo, mtoto wa ziwa anakatazwaje ziwa, yule kocha wake amelewa nini. Akanijibu kwamba mimi ni mfanyabiashara wa vitenge, hayo ni mambo ya michezo, yana wenyewe. Kisha, kwa sababu kocha alisema acheze, akaenda sokoni akamnunulia kamba ya kuruka na mpira. Mtu wa kanuni. Hakusahau sehemu yoyote ya agizo.

Jumapili iliyofuata tuliteremka ufukweni kama kawaida, maana hatukujua pa kwenda pengine. Belise alikuwa amevaa viatu. Alikaa mchangani na kamba mapajani, akatazama watoto wa klabu yake, wale wale wa bwawani, wakirushiana maji na kupigana mieleka. Walimwita. Akamtazama baba yake.

"Papa, hata miguu?"

Viateur alifikiri sana. Nilimwona akifikiri, alikuwa anatafuta mlango ndani ya ile amri. Hakuupata.

"Hata miguu, Belise."

Aliuliza kwa nini wenzake wanaruhusiwa. Baba yake akamweleza, kwa fahari ambayo nikiikumbuka naumia, kwamba wale wanaoga tu, lakini yeye kocha amemweka pembeni kwa sababu ni mutu wa mashindano. Kwa hiyo marufuku ikawa heshima. Mtoto akaibeba kama heshima. Wenzake wakaanza kumwita Belise wa piscine, yaani wa bwawani, na baada ya muda hawakumwita kabisa.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Siku sita kwenda na kurudi katika bwawa lenye kuta, siku ya saba kamba. Medali zilikuja, sikatai. Aliporefuka mikono ikawa mizuri mno, hakuna tone lililoruka ovyo. Lakini kicheko kilipungua, na kilipungua polepole kiasi kwamba kila mtu alipata jina lake la kuliita jambo hilo. Mama yake aliita kukua. Baba yake aliita nidhamu. Kocha aliita uchovu, akapunguza mazoezi kidogo, akamuuliza kama Jumapili anacheza. Belise akamjibu kwamba anacheza. Hakudanganya, alikuwa anaruka kamba nyuma ya nyumba, uso mkavu, kwa sababu aliambiwa.

Na Viateur mwenyewe? Hilo ndilo watu hawakuliona. Alikuwa amejikataza pia. Hakuwahi kuingia ziwani peke yake tangu siku ile, alisema si haki yeye aoge na mtoto anatazama. Kaptula yake ya kuogea ilikaa kabatini. Mwanamume yule alikuwa na furaha moja ya wiki, akaikunja akaiweka, akidhani anajenga mustakabali wa binti yake. Sijui nimkasirikie au nimlilie, na mara nyingi nafanya yote mawili.

Mwaka huu, baada ya mashindano ya Kigali, Belise alirudi na medali ya nafasi ya pili. Aliingia jikoni kwangu nikiwa namenya ndizi, akaiweka medali kwenye kabati la vyombo, katikati ya sahani, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Ana miaka kumi na minne sasa. Akaniambia kwa Kiswahili, naye Kiswahili hukitumia kwa nadra.

"Shangazi, mi nimechoka mayi."

Nikadhani amechoka na mazoezi, nikamwambia apumzike wiki moja. Akatikisa kichwa. Si mazoezi, alisema, ni maji yenyewe. Hata ya kwenye beseni hataki kuyaona. Jumatatu hakuamka. Wala Jumanne. Baba yake hakumlazimisha, alisimama tu mlangoni mwake amevaa tayari, na taulo la mtoto mkononi.

Wiki ile ile Rutagengwa akaja nyumbani. Nilikuwepo, nilimimina chai mimi. Alikuwa ameumia kweli, na alikuja akijilaumu, kwamba pengine alimzidishia. Alitaka kujua mtoto alikuwa anaishi vipi nje ya bwawa. Akauliza juu ya usingizi, chakula, shule. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza jambo analolijua tayari, kama Jumapili ziwani alikuwa bado anafurahi.

"Ku ziwa?" Viateur alisema. "Hata siku moja, Kocha. We mwenyewe ulikataza."

"Nilikataza nini?"

"Asioge."

Rutagengwa aliweka kikombe chini. "Nilisema asiogelee, Baba Belise. Sikusema asioge."

"Sasa tofauti iko wapi?"

Viateur aliuliza akitabasamu, akidhani ni ule utani wao. Kocha hakutabasamu. Alieleza taratibu, akitazama zulia, kwamba alitaka siku moja mtoto asahau saa na mistari. Aingie ziwani na baba yake kama siku ile alipowaona mara ya kwanza, arushe maji, ameze maji, acheke. Alisema mtoto anayecheza majini Jumapili huja Jumatatu akiwa na hamu, na kwamba yeye amewafundisha wengi, na wale waliokosa siku hiyo hawakudumu.

"Ile ilikuwa nusu ya kazi," alisema. "Nusu ile nilikuachia wewe."

Sijawahi kusikia sentensi iliyompiga mtu namna hiyo. Ndugu yangu aliendelea kushikilia sahani ya karanga aliyokuwa anamkaribishia mgeni. Mimi nilitaka kuwakaripia wote wawili, miaka yote hiyo mnataniana Kiswahili, mmoja hakuwahi kuuliza na mwingine hakuwahi kueleza, lakini nilimwona Rutagengwa naye anafuta macho kwa kiganja, nikamwongezea chai. Alipoondoka, Viateur alivuka ua, akakaa kwenye ngazi yangu, akalia kwa sauti mbele ya kuku. Nilimshika kichwa kama alipokuwa mdogo. Alisema jambo moja tu, alilirudia: kwamba mtoto alimuuliza hata miguu.

Siku zilizofuata alipata matumaini, na matumaini yale yalinitia hofu zaidi ya machozi. Kazini kwake hati ikikosewa inafutwa na kuandikwa nyingine. Akaamini hii nayo itaandikwa upya. Atamwambia Belise ukweli, watateremka ziwani Jumapili, na mambo yatarudi yalikokuwa. Alinieleza mpango wake wote. Akatoa kaptula kabatini, akaifua mwenyewe.

Jumapili tukaenda. Belise alikubali kuja bila ubishi, yeye habishani. Uwamariya na mimi tukatandika kitenge mchangani, na Viateur akamkalisha mtoto hapo hapo mbele yetu, kwa kuwa alisema alichokitangaza mbele yetu lazima akifute mbele yetu. Akamwambia yote. Alianza kwa Kinyarwanda, akashindwa, akamalizia kwa Kiswahili.

Belise alisikiliza mpaka mwisho. "Donc, kwa hiyo Kocha hakukatazaka?" aliuliza.

"Hakukatazaka. Ni mimi nilisikia mubaya. Unisamehe, mutoto yangu."

"Bon, sawa," alisema Belise. "Haina shida, papa."

Ningependa apige kelele. Ningependa amtupie mchanga, aseme umeniibia Jumapili zangu, atuonyeshe kwamba kuna kitu kinachouma. Alisema haina shida kwa sauti ile ile anayosemea asante ya chakula. Viateur akaishika ile ruhusa haraka, kabla haijapoa. Akavua shati, akaingia majini mpaka kifuani, akageuka, akamwita. Watu walikuwa wengi, watoto wakipiga mbizi kila upande, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika.

Belise alisimama pale maji yanapofikia vidole. Alikuwa amevaa nguo yake ya mashindano, nyeusi, ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Alizifunga nywele vizuri. Kisha akamuuliza baba yake, kwa adabu, kama mtoto anayetaka kufanya jambo sawasawa:

"Mita ngapi?"

"Hakuna mita," Viateur alisema. "Uoge tu. Kuja tuoge."

Akasubiri maelezo zaidi. Hayakuja. Nilimwona akitazama wale watoto wanaorukaruka, akiwatazama kwa makini, mikono yao, miguu yao, jinsi mtu anavyotazama ngoma ya kabila asilolijua kabla ya kuingia uwanjani. Uwamariya alinishika mkono. Baba yake alipiga maji kidogo kwa kiganja, yakamfikia magotini, akangoja. Belise hakumrudishia.

"Mi sijue nafanya nini mule," alisema.

Halafu, nadhani ni kwa huruma, kwa sababu ni mtoto mwema na alimwona baba yake alivyosimama, akaingia. Akajilaza juu ya maji, akaanza kuogelea. Lo, ilikuwa nzuri. Mikono ilipanda na kushuka bila tone la ziada, watoto wakampisha njia, mtu mmoja ufukweni akasifu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa baba yake. Viateur alikuwa amefungua mikono. Belise akamgusa kifuani kwa ncha za vidole, akajikunja, akamsukuma kwa nyayo, akageuka na kurudi alikotoka. Akafika kwenye kina kifupi, akagusa mchanga, akageuka tena.

Alifanya hivyo muda mrefu, kwenda na kurudi, uso ndani ya maji, akimpa baba yake kile alichokuwa nacho. Viateur hakuita tena wala hakumshika. Alisimama pale pale mpaka akaanza kutetemeka kwa baridi, kwa sababu angeondoka mtoto angekosa mahali pa kugeukia.